Nchi Itokayo Vitani: Habari za Msumbiji

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za nchi itokayo vitani: jinsi inavyotulizwa na kujengwa tena, kazi ambayo mataifa mengine yaweza kuifanya katika jambo hilo, na kazi wasiyoiweza.

Watu wengi hudhani ya kuwa vita huisha siku ile wakubwa watiapo sahihi zao katika karatasi na kushikana mikono. Sivyo. Siku ile ndiyo kazi inapoanza. Karatasi haimwondolei mtu bunduki mkononi, wala haimpi mkimbizi jembe, wala haifukui bomu lililofukiwa njiani. Ili tulione jambo hili vema, nimechagua mfano wa Msumbiji, jirani wa Tanzania ng'ambo ya mto Ruvuma. Mambo mengi ya nchi hiyo yalifanywa kwa busara. Na yale yaliyoachwa nusu yakarudi baadaye kudai haki yake. Yote mawili yana mafundisho.

Vita vyenyewe

Msumbiji ilipata uhuru wake kutoka kwa Wareno tarehe 25 Juni 1975. Chama kilichoshika serikali ni Frelimo, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Haukupita muda mrefu ila vita vingine vikaanza. Kundi liitwalo Renamo liliundwa kwa msaada wa serikali ya walowezi wa Rhodesia, waliochukizwa kwa kuwa Msumbiji iliwapa kimbilio wapigania uhuru wa Zimbabwe. Rhodesia ilipokwisha mwaka 1980, serikali ya makaburu wa Afrika ya Kusini ikashika mahali pake kulilea kundi hilo.

Walakini si haki kusema ya kuwa vita vyote vililetwa na wageni. Watu wengi wa mashamba walikuwa na manung'uniko yao. Walihamishwa kwenda vijiji vipya pasipo hiari yao, na machifu wao wakavuliwa heshima. Manung'uniko hayo yalikuwa kuni kavu. Wageni wakatia kiberiti.

Vita hivyo vilidumu miaka yapata 16. Watu kama 1,000,000 walikufa, wengine kwa silaha na wengi kwa njaa na maradhi. Watoto walikamatwa wakafanywa askari. Mashule, zahanati, maduka na madaraja yakateketezwa. Watu milioni 1.7 wakakimbilia nchi za jirani, na katika hao zaidi ya 1,000,000 waliingia Malawi peke yake, nchi ndogo isiyo na utajiri. Wengine zaidi ya milioni 3 walikimbia makwao wasivuke mpaka, wakakaa kandokando ya miji na barabara. Ukiwajumlisha wote, karibu mtu mmoja katika kila watatu hakuwa kwake.

Mapatano ya Roma

Hata ilipofika mwaka 1990 pande zote mbili zilikuwa zimechoka. Mataifa makubwa yaliyokuwa yakigombana duniani yalikuwa yanaacha ugomvi wao, Afrika ya Kusini ilikuwa inageuka, na misaada kwa wapiganaji ikapungua. Kisha ukaja ukame mkubwa wa mwaka 1992, na pasipo chakula hata askari mwenye bunduki hashibi.

Mazungumzo yalianza Roma, Julai 1990, katika nyumba ya Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo ni jumuiya ya Wakatoliki walei. Wapatanishi walikuwa wanne: Andrea Riccardi na padre Matteo Zuppi wa jumuiya hiyo, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, na Mario Raffaelli kwa upande wa serikali ya Italia. Watu hawa hawakuwa na jeshi la kumtisha mtu. Walichokuwa nacho ni saburi. Walikaa na mahasimu hao kwa miaka miwili na zaidi, hata tarehe 4 Oktoba 1992 Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama, mkuu wa Renamo, wakatia sahihi.

Mfano wa Angola

Sasa sikilizeni jambo lililotokea siku chache kabla ya sahihi hizo, maana ndilo lililoigeuza kazi yote ya Msumbiji. Angola nayo ilikuwa imetoka vitani. Mapatano yake yalifanywa mwaka 1991, na tarehe 29 na 30 Septemba 1992 watu wake wakapiga kura. Lakini majeshi mawili yalikuwa bado hayajavunjwa, na Umoja wa Mataifa ulikuwa umepeleka watazamaji wachache mno kwa nchi kubwa kama ile. Jonas Savimbi alipoona ameshindwa, alikataa hesabu ya kura, naye jeshi lake alikuwa nalo bado. Vita vikarudi kwa ukali. Havikuisha hata mwaka 2002, alipouawa Savimbi mwenyewe.

Wakubwa wa Umoja wa Mataifa wakaona kosa lilipo. Mtu akiingia katika uchaguzi na bunduki nyuma ya mlango, akishinda atasema asante, akishindwa ataufungua mlango. Kwa hiyo Msumbiji ilitangulizwa kazi ya kuvunja majeshi, kura zikafuata nyuma. Katika mapatano ya Roma uchaguzi ulitakiwa kufanywa kabla ya Oktoba 1993. Ukaahirishwa mwaka mzima, hata Oktoba 1994. Wako walionung'unika kwa kukawia huko. Lakini wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, na Angola ilikuwa shahidi.

Askari wa mataifa

Tarehe 16 Desemba 1992 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likakubali kupeleka ujumbe Msumbiji, ambao kwa kifupi uliitwa ONUMOZ. Mkuu wake alikuwa Mtaliana, Aldo Ajello. Askari wapata 6,000 na zaidi walitoka nchi nyingi, baadhi yake Italia, Bangladesh, Botswana, Zambia na Uruguay.

Wanafunzi wenye ramani na waitazame. Bandari za Msumbiji ndizo milango ya bahari kwa nchi zisizo na pwani. Reli na barabara ya Beira yaenda Zimbabwe. Ya Nacala yaenda Malawi. Wakati wa vita njia ya Beira ililindwa na askari wa Zimbabwe. Mapatano yaliwataka waondoke, na njia isingaliweza kubaki tupu. Ndiyo sababu kazi ya kwanza ya askari wa Umoja wa Mataifa ilikuwa kuzishika njia hizo, ili chakula kipite na watu warudi.

Tuseme kweli pia juu ya kasoro zao. Walichelewa miezi mingi kufika, na katika miezi hiyo amani ilining'inia kwa uzi mwembamba. Tena baadhi ya askari hao walishutumiwa kwa kuwaharibu wasichana wadogo, jambo la aibu kwa mtu aliyetumwa kulinda. Kofia ya buluu haimgeuzi mtu tabia. Naye apaswa kusimamiwa kama askari mwingine ye yote.

Kumvua mtu uaskari

Sasa twafika kwenye kiini cha habari hii. Askari walitakiwa kukusanyika katika makambi 49, 29 ya serikali na 20 ya Renamo, wakabidhi silaha, waandikwe majina, kisha wachague: ama kuingia jeshi jipya la taifa, ama kwenda nyumbani.

Lakini fikirini hali ya mtu huyo. Pengine alikamatwa akiwa na miaka kumi. Hajui kusoma wala kushona. Alichofundishwa ni bunduki, na bunduki ndiyo iliyomlisha. Ukimwambia aiweke chini, umemnyang'anya silaha na shamba lake kwa pamoja. Asipopewa kitu badala yake, atarudi porini awe mnyang'anyi.

Basi ulifanywa mpango. Kila askari aliyeacha jeshi alipewa nguo za raia, mbegu na vyombo vya kulimia, na safari ya kumpeleka wilaya aliyoitaka mwenyewe. Zaidi ya hayo aliahidiwa mshahara wa miaka miwili: miezi sita kwa fedha za serikali, na miezi 18 kwa fedha za nchi wahisani. Mshahara huo ulilipwa katika wilaya yake. Yaani mtu alivutwa akae kwao, asizurure mijini. Miaka miwili yatosha kusafisha shamba, kuvuna mara mbili, kujenga nyumba na kuoa.

Hayo hayakwenda kwa raha. Makambini chakula kilikuwa haba na siku zilikuwa ndefu. Mwaka 1994 askari wa pande zote mbili waliasi mara nyingi, wakaziba barabara, wakidai waachishwe na walipwe upesi. Na hapa pana jambo la kushangaza. Wakubwa walikusudia jeshi jipya la watu 30,000. Waliokubali kuingia ni wapata 12,000 tu. Waliokwenda zao makwao walizidi 75,000. Wakubwa walikuwa wakihofu ya kuwa askari hawatakubali kuacha vita, kumbe askari wenyewe walikuwa wamevichoka kuliko wakubwa wao.

Jambo jingine lililosemwa sana ni fedha za Renamo. Mfuko maalumu uliwekwa, Italia ikitoa sehemu kubwa, ili kundi la porini ligeuke kuwa chama cha siasa: lipate ofisi, nyumba, magari na waandishi. Wengi walichukia kuona watu waliochoma vijiji wakipewa mamilioni ya dola. Uchungu huo waeleweka. Lakini wapatanishi walifanya hesabu yao: mtu asiyeweza kusimama katika siasa atasimama katika vita, na mwezi mmoja wa vita hula zaidi ya nyumba na magari yale.

Kurudi nyumbani

Wakimbizi hawakungoja sana. Mara waliposikia risasi zimenyamaza, walianza kurudi, na wengi wao walirudi kwa miguu yao wenyewe, vitu kichwani. Aghalabu mwanamume alitangulia kutazama kama kuna usalama, akapanda mahindi, kisha akaiita jamaa yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliwachukua wengine kwa malori na treni, likachimba visima, likajenga tena shule na zahanati. Hata mwaka 1996 karibu watu wote milioni 1.7 walikuwa wamerudi. Mpaka wakati ule haukuwahi kufanywa Afrika mpango mkubwa kuliko huo wa kurudisha wakimbizi.

Vijijini watu walifanya kazi ambayo hakuna mgeni aliyeiweza. Walikuwako vijana waliokamatwa na kulazimishwa kuwadhuru jirani zao, nao sasa wamerudi na kubisha hodi. Wazee na waganga waliwapokea kwa mila za utakaso, na makanisa kwa sala. Kila kijiji kwa desturi yake. Katika vijiji vingi ndivyo suluhu ilivyofanywa, pasipo mahakama na pasipo fedha ya mtu wa nje.

Mabomu yaliyofukiwa

Mkimbizi alipofika shambani alikuta adui ambaye hakutia sahihi Roma. Bomu la kutegwa ardhini ni chombo kidogo, pengine kama kopo la samaki. Halijui kuwa vita vimekwisha. Lamngoja mwenye kulikanyaga, awe askari au mtoto achungaye mbuzi, hata kama ni miaka 20 baadaye. Mabomu yalifukiwa kuzunguka madaraja, visima, reli, na nguzo za umeme utokao bwawa la Cahora Bassa.

Hapo mwanzo Umoja wa Mataifa ulikisia ya kuwa yako milioni 2. Shukuru, hayakufikia idadi hiyo. Lakini hakuna aliyejua yalipo, na bomu moja la kudhaniwa latosha kulifanya shamba zima liachwe. Watu waliajiriwa na kufundishwa kuyatafuta, wengi wao wenyeji. Mtu hupiga magoti, hupitisha mbele yake chombo kiliacho kikipata chuma, kisha huchoma udongo taratibu kwa sindano ndefu, ikiwa imelala upande ili isikandamize bomu kwa juu. Chombo hulia hata kwa msumari na kizibo cha chupa, na kila kilio ni lazima kichunguzwe. Ndiyo maana kazi ilikwenda polepole.

Tanzania nayo ilitoa msaada wake, na msaada huo ni panya. Msicheke. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO, lililoanzishwa na Wabelgiji, limewafundisha panya buku kunusa baruti. Panya hufungwa kamba nyepesi, huenda na kurudi katika mstari, na akinusa baruti hukwaruza ardhi. Thawabu yake ni kipande cha ndizi. Hajali msumari wala kizibo, maana hanusi chuma. Wala hawezi kulilipua bomu, kwa kuwa uzito wake ni mdogo. Kwa nusu saa aweza kulipima eneo ambalo mtu hulifanyia kazi siku kadha. Panya hao walifanya kazi katika mkoa wa Gaza na kwingineko. Hata tarehe 17 Septemba 2015 Msumbiji ikatangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana mahali yalipo. Hesabuni: sahihi ya Roma ni 1992, kutangazwa huku ni 2015. Kuyafukua yote kulichukua miaka mingi kuliko vita vyenyewe.

Siku za kura

Uchaguzi ulipangwa tarehe 27 na 28 Oktoba 1994. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza Dhlakama alisema chama chake hakitashiriki. Hapo kila mtu alikumbuka Angola. Mabalozi, wakuu wa nchi za jirani na Bwana Ajello wakazungumza naye mchana na usiku, naye akarudi. Siku ya tatu ikaongezwa. Wakati huo wananchi walikuwa wamekwisha panga mistari tangu alfajiri. Katika kila watu kumi walioandikishwa, karibu tisa walipiga kura.

Chissano alipata kura 53 katika mia, na Dhlakama karibu 34. Katika viti 250 vya bunge, Frelimo ilipata 129, Renamo 112, na muungano mwingine 9. Dhlakama alilalamika, lakini vita havikurudi. Hakuwa tena na jeshi la kuvirudisha, na askari wake wa zamani walikuwa mashambani wakingojea mvua. Mapema mwaka 1995 askari wa Umoja wa Mataifa wakaondoka. Gharama ya ujumbe wao ilikuwa karibu dola milioni 500.

Yaliyoachwa nusu

Laiti habari ingalikwishia hapo. Lakini mambo mawili yaliachwa.

La kwanza ni silaha. Nyingi zilizokabidhiwa hazikuharibiwa, na nyingine nzuri zilifichwa porini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane wa Anglikana, lilianza mpango mwema: mtu alete bunduki, apewe jembe, baiskeli, cherehani au mabati. Silaha zilikatwa vipande, na mafundi wengine wakazifanya sanamu. Kiti kimoja cha namna hiyo kimo katika nyumba ya makumbusho ya Uingereza mjini London. Lakini Renamo ilikuwa imebaki na mamia ya walinzi wenye silaha katika mikoa ya kati.

La pili ni ugawaji wa madaraka. Katika mikoa kadha ya kati, na Nampula pia, Renamo ilipata kura nyingi kuliko Frelimo. Hata hivyo wakuu wote wa mikoa waliteuliwa na upande mmoja. Aliyeshindwa aliambiwa awe mvumilivu, na mwaka hata mwaka akabaki nje ya nyumba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2013 risasi zikalia tena, na magari katika barabara kuu ya kati yakawa yanapita kwa misafara chini ya ulinzi wa askari. Mapatano yalifanywa mwaka 2014 yakavunjika. Dhlakama akafariki tarehe 3 Mei 2018. Ndipo tarehe 6 Agosti 2019 Rais Filipe Nyusi na Ossufo Momade wa Renamo wakapatana upya, na zaidi ya wapiganaji 5,000 wakaandikwa na kurudishwa nyumbani. Kambi ya mwisho ya Renamo ilifungwa Juni 2023. Vijana waliokuwa askari mwaka 1992 walikuwa sasa ni wazee wenye mvi.

Tena upande wa kaskazini, mkoa wa Cabo Delgado unaopakana na Mtwara, vita vya namna nyingine vilianza Oktoba 2017, na malaki ya watu wakakimbia makwao. Vita hivyo si vya Renamo, wala sababu zake si zile zile. Ila vyaonyesha ya kuwa amani iliyofika mji mkuu pengine haijafika kila wilaya.

Tujumlishe

Basi tumejifunza nini? Kwanza, kazi ya kuijenga nchi itokayo vitani ina utaratibu wake: majeshi yavunjwe kwanza, kura zifuate. Pili, askari hawezi kuacha bunduki kwa maneno matupu. Yataka apate kitu cha kushika mkono ule ule. Tatu, wageni waweza kulinda barabara, kuleta fedha na kushuhudia ahadi. Hawawezi kumpokea kijana aliyerudi, wala kumlazimisha mshindi kugawana na aliyeshindwa. Hiyo ni kazi ya wenye nchi, na ikiachwa hakuna kofia ya buluu itakayoifanya badala yao.

Mkisikia katika redio kwamba nchi fulani imefanya amani, furahini. Kisha ulizeni maswali haya: Bunduki ziko wapi? Askari wamepewa nini? Wakimbizi wamerudi mashambani? Aliyeshindwa amepewa kiti gani? Mkisha kupata majibu mtajua kama vita vimekwisha, au vimelala tu.

Hapa ndipo mwisho wa mazungumzo ya leo.